Kolajeni: siku 15 za dada, miezi sita ya mama mdogo

Kopo la unga wa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, mifupa na viungo, lilikuwa moja, la gramu 300, na wanywaji wawili. Dada yangu, mwenye miaka 36, alitaka uso ung'ae kabla ya kicheni pati ya shoga yake. Mama mdogo, aliyetimiza 61, alitaka magoti yaache kumlilia kila akipanda ngazi. Wakachanga pesa, wakakubaliana kijiko kimoja kwa kila mmoja asubuhi, ndani ya uji. Kijiko cha kupimia kilichokuja na kopo kilikuwa cha gramu 10. Piga hesabu: gramu 20 kwa siku, siku 15 kopo tupu.

Siku ya kumi na sita hukumu ikatoka. Dada: "Tumepigwa." Mama mdogo, akilipapasa goti lake la kulia: "Hili goti, mwanangu, hata halina habari kama nimekunywa kitu."

Katika familia yetu mimi ndiye msoma vikaratasi vya dawa, kwa hiyo nikaombwa niamue kama kopo la pili linunuliwe. Kwamba wote wawili walihukumu mapema, hilo halikuhitaji utafiti. Lakini mapema ya dada na mapema ya mama mdogo ni vitu viwili tofauti. Ngozi, kucha, goti na mfupa kila kimoja kina kalenda yake, na wauzaji wengi huchukua kalenda ya ngozi, ambayo ndiyo fupi, wakauzia vyote vinne.

Kuingia ni saa, kuonekana ni miezi

Kolajeni uliyomeza haisafiri nzima hadi shavuni. Utumbo huikata kama unavyoikata protini ya maharage au ya samaki. Unga wa makopo umeshakatwakatwa kiwandani, ndiyo maana ya neno "haidrolaizidi" utakaloliona kwenye lebo, na ndiyo maana unayeyuka hata kwenye maji baridi bila kuganda. Baadhi ya vipande vyake vifupi, viitwavyo peptidi, hupenya utumbo vikiwa bado vimeshikana na kufika kileleni kwenye damu saa moja hadi mbili baada ya kunywa. Inadhaniwa kwamba vipande hivyo huzichokoza seli zinazofuma kolajeni zianze kazi, pamoja na kuwa malighafi yenyewe.

Seli hizo hazina haraka. Na kolajeni ya zamani nayo haing'oki upesi: mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walikadiria kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua kama miaka 15 kubadilishwa, na ile ya gegedu, yaani ule mto laini unaotenganisha mifupa kwenye kiungo, zaidi ya miaka 100. Ikumbuke namba hiyo ya pili siku utakapokutana na tangazo la "kujenga gegedu upya kwa siku 30".

Kitu kingine ambacho seli hizo zinakitaka ni vitamini C. Bila hiyo nyuzi za kolajeni hazikazwi, na hicho ndicho kiini cha kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu uliowamaliza mabaharia wa zamani. Makopo mengi huandika kwa herufi kubwa kwamba yameongezwa vitamini C na kupandisha bei kwa hilo. Pera moja linakutosha kwa siku nzima.

Upande wa dada: ngozi

Majaribio mengi ya kolajeni yamefanywa kwa ajili ya ngozi. Linalotajwa sana ni la Ujerumani la mwaka 2014. Wanawake 69 wa miaka 35 hadi 55 waligawanywa: kuna waliopewa gramu 2.5 kwa siku, waliopewa gramu 5, na waliopewa unga mtupu usio na kolajeni bila kujua. Wiki ya nne ngozi za waliokunywa kolajeni zilikuwa zinanyumbuka vizuri zaidi, na wiki ya nane vilevile. Watafiti haohao wakarudia kwa wanawake 114 wa miaka 45 hadi 65, gramu 2.5 kwa siku, wakakuta baada ya wiki nane mikunjo ya pembeni ya macho imepungua ujazo kwa wastani wa asilimia 20.

Haya yote yalipimwa kwa mashine. Mashine inaona kabla ya kioo, na kioo kinaona kabla ya shoga yako. Dada akiniuliza ni lini ataona mwenyewe, jibu la haki ni wiki 8 hadi 12, maana majaribio mengi ya ngozi yamekaa katika muda huo. Akiona uso umejaa ndani ya siku kumi, nitaushuku kwanza mtungi wa maji: mtu anayeanza kirutubisho cha bei ghali huwa ghafla anakumbuka kunywa maji, kulala mapema na kuacha soda.

Umri nao una lake. Kolajeni ya ngozi hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, halafu kwa wanawake hushuka ghafla baada ya ukomo wa hedhi, kiasi cha asilimia 30 ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mwenye miaka 25 anayekunywa unga huu kwa ajili ya uso kwa kweli hana pengo kubwa la kujaza. Hiyo ni pesa ya saluni inayopotea njia.

Sasa upande mchungu. Mwaka 2023 uchambuzi uliokusanya majaribio 26 yenye watu 1,721 ulisema kolajeni inaongeza unyevu na mnyumbuko wa ngozi. Mwaka 2025 ukatoka mwingine, majaribio 23, watu 1,474, na huu uliuliza swali ambalo kila mnunuzi angeuliza sokoni: nani alilipia? Majaribio yasiyopokea pesa za kampuni hayakuonyesha faida kwa ngozi. Yale yaliyofanywa kwa umakini mkubwa, nayo hivyohivyo. Hata mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ilipoombwa mwaka 2013 kuidhinisha dai la mnyumbuko wa ngozi kwa aina moja ya kolajeni, ilikataa kwa kusema ushahidi haujatosha.

Mimi naisoma hivi: kwa ngozi huenda kuna faida ndogo, na huenda hakuna. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza.

Kucha na nywele, kwa mkupuo

Wanawake wa pwani wana saa ya kucha na hawajaiita saa. Ukipakwa hina siku ya harusi, mstari wake unaanza kupanda, chini panabaki peupe, na inachukua kama miezi sita hadi kipande cha mwisho kikatwe. Kucha za mikono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi. Kwa hiyo kirutubisho chochote cha kucha, kiwe kizuri kama asali, kinaweza kuonekana tu kwenye kile kipande cheupe kinachozaliwa chini. Jaribio la mwaka 2017 la watu 25, gramu 2.5 kwa siku kwa wiki 24, liliripoti kucha kukua haraka zaidi kwa asilimia 12 na kukatika kupungua kwa asilimia 42. Halikuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo lichukue kwa tahadhari.

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na ushahidi wake ni mwembamba. Kama nywele za pembeni zinakatika, anza kwa kumwambia msusi alegeze.

Upande wa mama mdogo: goti

Huku kalenda ni nyingine kabisa. Mwaka 2008 chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilichapisha jaribio la wanamichezo 147 wenye maumivu ya viungo, gramu 10 kwa siku. Lilikwenda wiki 24, yaani karibu miezi sita, na waliokunywa kolajeni waliripoti maumivu kupungua kuliko wenzao. Hao lakini walikuwa vijana wa michezo, si mtu wa miaka 61 mwenye goti lililosagika.

Kwa goti lililosagika kuna kitu tofauti, kolajeni aina ya pili isiyokatwakatwa, ambayo kwenye kopo huandikwa UC-II. Hutoka kwenye gegedu la kifua cha kuku na kipimo chake ni miligramu 40 tu kwa siku, kidonge kimoja kidogo. Haifanyi kazi kwa kujaza malighafi. Wazo ni kwamba inauzoesha mfumo wa kinga uache kulishambulia gegedu. Mwaka 2016 watu 191 walijaribiwa kwa siku 180: kundi moja UC-II, jingine glukosamini na kondroitini, virutubisho viwili vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, jingine kidonge kitupu. Mwishoni kundi la UC-II lilikuwa na nafuu kubwa kuliko mengine mawili. Mtu anayekunywa gramu 10 za unga wa ng'ombe akingoja matokeo ya UC-II anasubiri basi kwenye kituo cha treni.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba katika majaribio ya goti hata waliopewa unga mtupu hupata nafuu. Goti lina siku zake nzuri na mbaya, na mtu hununua dawa siku ileile linapouma kupita kiasi. Wiki mbili baadaye lingekuwa limetulia kidogo hata kama angekunywa uji mtupu. Ulaya waliliangalia dai la unga wa kolajeni kwa viungo mwaka 2011, nalo wakalikataa.

Na mfupa? Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio la wanawake 131 waliokwishapita ukomo wa hedhi. 102 ndio waliofika mwisho. Gramu 5 kwa siku, mwaka mzima, na ujazo wa madini kwenye shingo ya paja na uti wa mgongo uliongezeka kuliko wa kundi la pili. Hili hulioni wala hulisikii, linaonekana kwenye picha ya hospitali tu. Kama daktari ameshakuandikia dawa ya mifupa, kolajeni haichukui nafasi yake.

Nikawaandikia hivi kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji:

| Unasubiri nini | Kiasi kwa siku | Usihukumu kabla ya |
|---|---|---|
| Ngozi | gramu 2.5–10 za unga | wiki 8–12 |
| Kucha | gramu 2.5 | wiki 24 |
| Goti, kwa unga | gramu 10 | wiki 24 |
| Goti, kwa UC-II | miligramu 40 | siku 180 |
| Mfupa | gramu 5 | mwaka 1 |

Mama mdogo aliisoma, akasema mwaka mmoja ni mimba na arobaini yake.

Unga, vidonge, krimu, au makongoro?

Watu wengi hupoteza pesa kwenye uchaguzi huu kwa sababu wanalinganisha bei ya kopo na kopo. Gawa bei kwa gramu za kolajeni. Kopo la gramu 300 kwa gramu 10 linakupa siku 30. Chupa ya vidonge 60 vya gramu 1 kila kimoja, ukitaka gramu 10 zilezile, inakupa siku 6, na unameza vidonge kumi kila siku. Lebo itakwambia umeze viwili. Sawa, meza viwili, lakini basi umechukua gramu 2 na huwezi kudai matokeo ya aliyechukua 10. Vidonge vina faida moja, safari. Vichupa vya kunywa vina faida ya ladha, na kwa kawaida gramu moja humo hugharimu kuliko ya kwenye kopo.

Krimu ya kolajeni ni habari nyingine. Molekuli nzima ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Inakaa juu na kulainisha kama losheni yoyote nzuri. Matokeo yake unayaona dakika hiyohiyo, na unayaacha bafuni.

Samaki au ng'ombe? Zote mbili kwa sehemu kubwa ni aina ya kwanza, ileile iliyojaa kwenye ngozi na mifupa yetu, kwa hiyo usilipie zaidi kwa kuambiwa ya samaki inakimbia. Ya samaki nzuri kwake ni kwamba inamwondolea Mwislamu maswali ya nguruwe na ya uchinjaji. Tafuta jina la mnyama kwenye lebo. Pakiandikwa kolajeni tu, uliza, na ukumbuke kwamba hata ganda la kidonge mara nyingi ni jelatini ya mnyama. Mwenye mzio wa samaki aende upande wa ng'ombe.

Halafu kuna makongoro. Supu ya makongoro iliyolala kwenye friji ikaamka imeganda kama jeli imejaa jelatini, na jelatini ni kolajeni iliyolegezwa na moto. Tumboni hukatwakatwa kama nyingine. Kinachokosekana ni kipimo: kongoro la huyu si la yule, maji ya huyu ni mengi, jiko la yule limezimwa mapema, hivyo bakuli la Jumamosi halikwambii umepata gramu ngapi. Siwezi kuandika "wiki nane" mbele ya makongoro. Lakini ukiwa na bajeti ya kitu kimoja na supu unaipenda, kunywa supu kwa raha zako, punguza chumvi, na uondoe mafuta ya juu ikiwa presha inakusumbua. Si supu wala unga unaochukua nafasi ya maharage, mayai na dagaa: kolajeni haina hata chembe ya triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili unakihitaji na hauwezi kujitengenezea.

Neno moja kuhusu makopo yanayoahidi weupe. Kolajeni haibadilishi rangi ya ngozi. Likiahidi weupe, ama kuna kitu kingine ndani ama kuna uongo nje.

Pesa ileile ingefanya nini kwingine?

Kwa uso wa dada, mshindani wa kweli ni losheni ya kukinga jua. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kila siku ngozi zao zilizeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko za waliopaka walipojisikia. Wengi wao walikuwa weupe. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake na mikunjo huchelewa, ila jua hutuachia madoa, na hayo ndiyo hasa dada huyapigania mbele ya kioo. Unga hauondoi madoa.

Mwingine ni tretinoini, dawa ya kupaka ya daktari. Hiyo ina ushahidi mzito wa mikunjo, nayo pia inataka miezi mitatu hadi sita. Mwanzoni hubabua, na ngozi nyeusi ikibabuka huacha alama, kwa hiyo usiinunue kwa ushauri wa jirani. Mjamzito na anayetafuta mtoto waiache.

Kwa goti, mshindani ni kiti. Kuinuka na kuketi bila kushika, mara kumi, kila siku, huimarisha misuli ya mbele ya paja inayolibeba goti. Na uzito: kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Mama mdogo hakufurahia sentensi hiyo. Nikamwambia pia kwamba goti likivimba, likawa jekundu na la moto, hapo hakuna kopo wala kiti, ni hospitali. Na mwenye ugonjwa wa figo asianze unga wa protini wa aina yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kopo la pili

Hukumu yangu ilikuwa hii: dada asinunue, mama mdogo anunue akitaka, lakini la peke yake, na awe na tarehe ya kuacha. Nilimshauri dada achukue losheni ya jua, na kama kolajeni inamkaa moyoni, ajaribu baadaye kwa wiki 12 kamili, gramu 5 zinatosha, apige picha siku ya kwanza na ya mwisho akiwa dirisha lilelile, saa ileile, bila poda. Picha za simu zina mwanga wa kila rangi. Ukibadili dirisha umebadili uso.

Mama mdogo alinunua lake. UC-II aliikataa, anasema kidonge kidogo kiasi kile hakiwezi kubeba goti lake. Nikaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, wiki ya 24, na kila Jumapili ninamuuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi akifika juu ya ngazi. Nilimwomba abadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili tujue kipi kimesaidia. Hakunisikiliza hata kidogo: anainuka na kuketi kitini mara kumi kabla ya uji, na sukari amepunguza.

Hina ambayo dada alipakwa kwenye kicheni pati sasa imepanda katikati ya kucha. Kopo la mama mdogo, la tatu tangu aanze peke yake, limebaki robo. Alianza saba kati ya kumi. Jumapili iliyopita alisema tano. Nikamuuliza ni kolajeni au ni kiti.

"Wewe andika tu," akasema, akasogeza kikombe niongeze uji.